Kangaja wawili

Likizo iliyopita nilitoka Lubumbashi kwenda Dar es Salaam, kwa yaya yangu anayefanya biashara Kariakoo. Nilikuwa nakusanya majina ya samaki wa baharini kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho chuoni. Yaya yeye anawafuga: sebuleni ana tangi la kioo lenye maji ya chumvi, mawe ya matumbawe na pampu inayonguruma usiku kucha.

Samaki wake mkubwa alikuwa mmoja tu, bapa kama sahani: mwili wa buluu, pezi la mgongoni la manjano, uso mweusi, koo jeupe. Yaya, aliyesoma kwa Kifaransa kama mimi, alimwita chirurgien. Niliwaonyesha wavuvi wa soko la Feri picha yake, wakajibu: kangaja. Nilishangaa, maana kangaja niliyemjua mimi ni tunda, chenza ndogo. Mzee mmoja akaniwekea mezani samaki mwingine, mweupe-kijivu mwenye mistari myeusi ya kusimama.

"Na huyu kangaja. Ukimshika, angalia shina la mkia. Ana kijembe."

Nikapapasa. Kweli, kila upande palikuwa na mwiba mkali, umelala ndani ya mfereji wake.

Siku chache baadaye yaya aliletewa mmoja wa mistari, mzima. Akaniuliza, "Wewe msomi wa lugha, hawa watapatana?"

Nikajibu bila kufikiri, "Jina lao moja, yaya. Ni ndugu."

Jioni ile ile yule wa buluu alianza kumzunguka mgeni na kumchapa kwa mkia. Asubuhi mgeni alikuwa amejibana nyuma ya pampu, mapezi yamechanika, mwani tuliomwekea hajaugusa. Siku ya tatu tulimtoa amekufa. Yaya hakunigombeza. Alisema tu, "Kumbe ndugu ndio wanaopigana."

Baadaye nilisoma kwamba wote wawili ni Acanthurus, yaani "mkia wa miba" kwa Kigiriki. Wa buluu ni leucosternon, "kifua cheupe". Wa mistari ni triostegus. Wote hula mwani, na wa buluu hulinda malisho yake kwa ukali. Baharini anayefukuzwa hukimbia; ndani ya kioo hana pa kwenda. Udugu nilioudhania amani ndio ulioleta vita.

Wavuvi hawakukosea. Jina lao linakusanya samaki ambao mkono wa mvuvi unapaswa kujihadhari nao kwa namna moja. Mimi ndiye niliyelitaka jina hilo lijibu swali la mfugaji.

Katika daftari langu nilikuwa nimeandika: "kangaja: samaki." Nimeufuta mstari huo. Sasa kila jina nalindika pamoja na aliyenitajia, kazi anayoifanya, na mahali aliponiambia nitazame.