Darubini ya Ntalikwa

Wako watu hurudi kwao na mabati ya kuezekea nyumba. Mimi nilirudi Ntalikwa na darubini. Wazee walinipokea vizuri, ila walitaka kujua mtoto wa mkulima wa tumbaku anatafuta nini mbinguni. Nikawaeleza kwamba sitazami nyota. Natazama ndege na kuwapiga picha. "Kwani ndege wamekwisha?" mzee mmoja akauliza. Sikuwa na jibu la haraka.

Ndugu msomaji, chombo chenyewe si cha ajabu. Ni darubini yenye kioo cha mbele cha milimita 60, imesimama juu ya miguu mitatu ya mninga niliyochongewa na fundi mjini Tabora. Mti hutulia kuliko bati. Nyuma yake nimefunga simu yenye kamera, kwa kipande cha bomba la plastiki la maji. Kamera isipokaa katikati ya kioo cha jicho, picha yote huzungukwa na giza. Ukikuza mara 20, mwanga unaotoka nyuma una upana wa milimita 3. Ukikuza mara 60, unabaki milimita 1, na ndege anakuwa kivuli. Tamaa ya kumsogeza ndege karibu mno ndiyo inayokupoteza. Hata kidole hakifai kugusa; naiagiza simu ingoje sekunde 2, mtikisiko upoe. Jua likishapanda, joto la ardhi hucheza mbele ya kioo kama maji, nami hufunga virago.

Ndege niliyemtaka ni mdogo, mgongo wa kahawia, kifua cheupe chenye madoa meusi kama matone ya wino. Hukaa kwenye tawi kavu, huruka kudaka mdudu, kisha hutua. Ni ndege wa miyombo. Wataalamu humwita kwa jina la Richard Böhm, Mjerumani aliyefika Unyamwezi mwaka 1880 na kukaa Kakoma, kusini ya Tabora. Alikufa Katanga mwaka 1884 kabla hajatimiza miaka 30, na mwaka huo huo ndege huyu akapewa jina lake. Siku hizo ndege alijulikana kwa bunduki kwanza: anaanguka, anachunwa, ngozi inasafirishwa Ulaya. Njia ilikuwa ile ile ya misafara, iliyopeleka pwani pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Burton na Speke waliifuata mpaka Kazeh, ndiyo Tabora, mwezi Novemba 1857. Kila aliyepita aliondoka na kitu. Nilijisifu moyoni kwamba mimi naondoka na picha tu.

Asubuhi moja ya Oktoba, miyombo ikichipua majani mekundu kabla ya mvua, nilimpata. Alikuwa juu ya tawi kavu la mti mkubwa, nyuma ya shamba la mdogo wangu. Mtoto wa mdogo wangu alikuwa kando yangu, manati shingoni.

"Baba mkubwa, nimlenge?"

"Njoo umtazame kwanza."

Akaweka jicho. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema polepole, "Anapumua." Nilimwelewa. Nami nilibeba manati miaka mingi, nikala ndege wengi wa kuchoma, lakini sikuwahi kumwona hata mmoja akipumua.

Nilirudi tena Januari. Mti haukuwepo. Palibaki kisiki, na kando ya bani la kukaushia tumbaku kuni zilipangwa safi, zikingoja mavuno. Nilimfuata mdogo wangu kwa hasira. Nikamweleza habari za ndege, za misitu inayoisha, za mvua. Alinisikiliza mpaka mwisho, jembe mkononi. Kisha akauliza kwa upole:

"Kaka, wewe ulisoma kwa kuni za wapi?"

Sikujibu, kwa kuwa jibu nilikuwa nalo. Karo yangu ya sekondari ilitoka katika bani la baba yetu. Likizo nilikesha nikichochea moto wake, na magogo yaliyowaka mle yalikuwa miyombo na mitundu ya mlima uliopo nyuma ya nyumba. Tulikuwa wawili, tumbaku ilitosha kumsomesha mmoja. Yeye akabaki na jembe. Mimi nikapata mshahara, na mshahara ukanunua darubini. Basi nami nilikuwa nimeondoka na kitu, tena mapema kuliko nilivyokiri.

Tulikaa kimya juu ya kile kisiki. Baadaye tukakubaliana jambo dogo: nitalipia miche ya miti inayokua upesi kwa ajili ya bani, naye ataacha miyombo iliyobaki kando ya korongo. Sijui kama itatosha. Mwaka wa tumbaku mbaya unaweza kuvunja ahadi ya mtu mwema.

Ile picha niliisafisha, na mdogo wangu ameitundika ukutani kwake. Mtoto bado anavaa manati. Lakini nikifika humkuta ameshabeba miguu mitatu begani, akiniongoza korongoni, akiniambia ni tawi lipi kavu tulingoje.