Tukutane Mbuyuni

Ngoma haipigwi hewani. Hupigwa uwanjani, au uani, au chini ya mti, na mahali pale inapopigwa huwa na sehemu yake katika ngoma yenyewe. Watu wa pwani hulijua jambo hili bila ya kufundishwa. Taarabu iliyoimbwa uani mbele ya bibi arusi si taarabu ile ile ikiimbwa jukwaani kwa wenye tikiti, ijapokuwa maneno hayakubadilika hata herufi moja. Ukuta uliosikiliza, mkeka uliokaliwa, na mlango ambao wasioalikwa walichungulia, vyote huingia katika wimbo.

Matamasha makubwa ya muziki ya zama hizi yana shida ambayo ngoma za kale hazikuwa nayo: aghalabu hufanyika pasipo mahali. Tamasha la Glastonbury, nchini Uingereza, lilianza mwaka 1970 katika shamba la ng'ombe wa maziwa la Michael Eavis, huko Somerset. Waliohudhuria walikuwa kiasi cha watu 1,500, kiingilio kilikuwa pauni moja, na maziwa ya shamba yalitolewa bure. Tamasha la Coachella, lililoanza mwaka 1999, hufanyika Indio, katika jangwa la California, kwenye viwanja vya mchezo wa polo. La kwanza ni malisho ya ng'ombe, la pili ni uwanja wa farasi. Hii leo kila moja hupokea watu zaidi ya laki moja kwa siku, na watu wengi namna hiyo wakimwagwa juu ya majani matupu hawana pa kuegemea wala pa kuagania. Majukwaa hufanana, umati hufanana, na usiku hufanana na usiku.

Hapo ndipo inapoingia sanaa ya kusimikwa, yaani kazi zinazojengwa uwanjani kwa siku chache, watu wazizunguke, wapite ndani yake, walale kivulini mwake, kisha zibomolewe. Wako wanaoiona kuwa ni pambo tu, kama karatasi za rangi juu ya gari la arusi. Wako wanaoiona kuwa ndiyo roho ya tamasha. Labda swali la haki si kama kazi hiyo ni nzuri au mbaya. Swali ni lile ambalo mtu wa pwani humuuliza mgeni aliyekaa siku ya tatu: una kazi gani hapa?

Mfano wa kwanza ni wa mwaka 2019, pale Coachella. Mjenzi alikuwa Francis Kéré, aliyezaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, Burkina Faso, mtoto wa mkuu wa kijiji. Kijijini kwake hapakuwa na skuli, ikambidi aondoke angali mdogo ili asome. Baadaye alikwenda Ujerumani kujifunza useremala, akaendelea mpaka akawa msanifu wa majengo. Jengo lake la kwanza lilikuwa skuli ya msingi ya Gando, iliyokamilika mwaka 2001, iliyojengwa kwa matofali ya udongo na mikono ya wanakijiji wenyewe, na paa lake likanyanyuliwa juu ili upepo upite na joto litoke. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo heshima kubwa ya wasanifu wa majengo duniani, na hakuna Mwafrika aliyeipata kabla yake.

Mtu huyu, aliyejifunza kujenga kwa kupambana na jua, alipoitwa jangwani alisimamisha minara 12, akaipa jina la Sarbalé Ke, maana yake nyumba ya sherehe kwa lugha ya nchini kwake. Umbo lake alilitoa kwenye mbuyu. Minara mikubwa ilikuwa na uwazi ndani, kama mbuyu mkongwe ulivyo na shimo tumboni, na mwanga uliingia kwa juu. Mchana watu waliingia kukimbia jua. Usiku taa ziliwashwa ndani yake, na minara ikaonekana kutoka mbali.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa mbuyu ni nini. Kutoka Unguja hadi Lamu, na bara ndani, kuna vitongoji visivyohesabika viitwavyo Mbuyuni, na kila kimoja kilizaliwa kwa namna moja: palikuwa na mti mkubwa kuliko miti mingine, watu wakasema tukutane pale, na agano lilipozidi kurudiwa likawa jina. Mbuyu haukupandwa uwe alama, bali ulikuwa alama kwa kusimama kwake. Alichokifanya Kéré ni kupeleka Mbuyuni mahali ambapo hapakuwa na jina. Kijana aliyepotezana na wenziwe katika umati wa Indio, akaambiwa, "Tukutane kwenye ile minara," alikuwa akisema, pasi na kujua, maneno ambayo wazee wa Gando na wa Makunduchi wamekuwa wakiyasema karne nyingi.

Basi hizo ni kazi mbili ambazo sanaa hii inaweza kuzifanya. Huwapa watu mahali, na huwapa kivuli. Atakayedhani kuwa kivuli ni kazi ndogo na asimame katika jua la adhuhuri kuanzia sala hadi sala, ndipo aseme.

Lakini haki haitimii kwa kusifu. Katika matamasha haya zimejaa kazi zisizo na mahali wala kivuli, zilizosimikwa ili mtu asimame mbele yake apigwe picha, kisha apishe mwingine. Mashairi nayo yana ugonjwa huo. Kuna shairi ambalo vina vyake vimelingana na mizani haina kasoro, ila ukilitikisa ndani husikii kitu, kama nazi iliyokauka maji. Halina kosa la kanuni, na kwa hiyo ni vigumu kulikataa hadharani. Hukataliwa kwa njia moja tu, kwamba hakuna anayeliimba kesho yake. Kazi ya kusimikwa iliyotengenezwa kwa ajili ya picha ni shairi la namna hiyo. Picha hubaki na aliyepigwa, na kazi yenyewe haibaki na mtu.

Visiwani, tatizo la kukosa mahali halijakuwa kubwa. Tamasha la Sauti za Busara lilipoanza mwaka 2004 lilikuta Ngome Kongwe, mjini Zanzibar, imekwisha kusimama zaidi ya miaka mia tatu. Iliwahi kuwa gereza, na kuta zake nene za mawe hazikungojea msanii aje kuzipa maana. Mwimbaji wa Mali au wa Komoro akipaza sauti mle, sauti humrudia kutoka kwenye jiwe ambalo limesikia mengi kabla yake.

Hata hivyo ni kosa kufikiri kwamba watu wa visiwani hawakujenga vitu vya kudumu siku moja katikati ya nyimbo. Wamekuwa wakivijenga tangu zamani. Kila mwezi wa Julai, Makunduchi, kusini mwa Unguja, huadhimishwa Mwaka Kogwa, mwaka mpya uliorithiwa kutoka hesabu ya jua ya Waajemi. Wanaume hupigana kwa mashina ya migomba ili kinyongo cha mwaka mzima kiishie hapo. Wanawake waliovaa nguo zao nzuri hupita wakiimba. Na katikati ya hayo hujengwa kibanda cha makuti, mtu huingia ndani, kibanda hutiwa moto, naye hutoka mbio. Watu hutazama moshi unaelekea wapi, kwa kuwa huko ndiko inakosomwa bahati ya mwaka unaoingia.

Kibanda kile hakikai hata saa moja, na hakuna aliyewahi kukiita pambo. Hujengwa ili kuuliza jambo ambalo wimbo peke yake hauwezi kuuliza: mwaka huu utatuchukuliaje? Kuteketea kwake si hasara, kwani kuteketea ndiko kunakotoa jibu. Makunduchi imejua siku zote kwamba kitu cha muda mfupi si lazima kiwe kitu chepesi. Hiyo ndiyo kazi ya tatu, nayo ni nzito kuliko mbili za mwanzo: kubeba swali ambalo furaha ya watu ingependa kulisahau.

Mizani ya kazi hiyo ya tatu ilijaribiwa Glastonbury mwezi wa Juni 2024. Kundi la muziki la Idles lilikuwa jukwaani usiku wa Ijumaa. Ghafla ikaonekana mashua ya mpira juu ya vichwa vya wasikilizaji, ndani yake mna masanamu ya watu waliovaa majaketi ya kuokolea. Ilikuwa mfano wa zile mashua ambazo wahamiaji hupandia kuvuka bahari kwenda Ulaya. Umati uliipokea kwa mikono, ukaipitisha kutoka mkono hadi mkono huku muziki ukiendelea. Wengi walidhani ni sehemu ya onyesho la bendi. Baadaye ilijulikana kuwa ni kazi ya Banksy, msanii wa Uingereza anayeficha sura yake, na kwamba hata wanamuziki wenyewe hawakuwa na habari.

Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza wa wakati huo, James Cleverly, aliishutumu vikali, akiona kwamba vifo vya watu baharini vimefanywa mchezo wa ngomani. Shutuma hiyo haifai kupuuzwa kwa sababu tu imetoka kwa mwanasiasa. Mtu wa kisiwani ndiye wa mwanzo kuielewa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander, iliyojaza kupita kiasi, ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, na watu wakapotea mamia kwa mamia. Haukupita mwaka mmoja, Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama ikitoka Dar es Salaam. Ziko nyumba Unguja na Pemba ambazo hadi leo hazina kaburi la kuzuru. Mwenye nyumba kama hiyo akiona mashua yenye masanamu inarushwa juu ya watu wanaocheza, ana haki ya kuuliza: hawa wanacheka nini?

Jibu huenda limo katika mikono. Pwani hii, maiti hapelekwi makaburini kwa gari iwapo makaburi yako karibu. Jeneza huchukuliwa mabegani, na kila anayekutana nalo njiani, awe anamjua marehemu au hamjui, huingia chini yake, akatoa bega hatua chache, kisha akampisha mwingine. Hakuna anayelibeba tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna anayepita bila ya kulibeba. Mashua ile ya Somerset ilikwenda kwa mwendo huo huo. Maelfu ya vijana waliokuja kucheza walijikuta wamewanyanyulia mikono watu wasiowajua, ambao nchi yao ilikuwa ikigombana kama wapokewe au wasipokewe. Kwa dakika chache hawakuacha wadondoke. Huo haukuwa mzaha. Ulikuwa wajibu uliotangulia mbele ya ufahamu, kama yule anayetoa bega kwanza, kisha ndipo akauliza ni nani aliyefariki.

Lakini mfano huu wa jeneza unakata pande mbili. Anayebeba jeneza pwani haishii kubeba. Huzika, hurudi matangani, huchanga, na mjane huulizwa amekula nini. Aliyetoa bega akaenda zake na asiulize tena alikuwa ametembea tu na watu. Vivyo hivyo mashua ya Glastonbury, ingekuwa ni mashua hiyo tu, ingebaki nusu ya neno. Banksy anaigharamia pia meli ya kweli, Louise Michel, ambayo tangu mwaka 2020 imekuwa ikiokoa watu katika Bahari ya Kati. Mara baada ya tamasha meli hiyo iliokoa watoto 17 waliokuwa peke yao bila ya wazazi, na serikali ya Italia ikaizuia. Banksy aliyataja hayo alipomjibu waziri. Ndipo mpira uliopitishwa juu ya vichwa ukapata uzito wake wote, kwa sababu nyuma yake palikuwa na chuma kinachoelea na watoto waliokaushwa nguo.

Kwa hiyo sanaa ya kusimikwa katika matamasha ina ngazi tatu, na si kila kazi inapaswa kuzipanda zote. Kazi inayowapa watu mahali pa kukutana imeshafanya jambo. Inayowapa kivuli imefanya wema. Inayowatia mikononi uzito ambao wasingeuomba, na aliyeitengeneza awe amekwisha kuubeba uzito huo kwingine, hiyo imeingia katika daraja la utenzi. Isiyofanya hata moja kati ya hayo si haramu, ila na ipungiwe mkono kama mgeni wa siku ya nne.

Tamasha likimalizika, fundi hufungua skrubu na majani huanza kunyanyuka polepole pale yalipokandamizwa. Huko Indio farasi hurudi uwanjani, na Somerset ng'ombe hurudi malishoni. Makunduchi upepo huchukua majivu ya makuti, na wenyeji huenda nyumbani wakijadiliana moshi ulielekea wapi. Mjadala huo huendelea mpaka mwaka mwingine, na muda wote unapoendelea, kibanda kile bado kimesimama.