Babu Hakuzaliwa Ulaya

Kwa muda wa miezi minne, kwa mujibu wa kompyuta yetu, baba yake babu alizaliwa Poland. Tulilicheka sana jambo hili mwanzoni. Baadaye hatukucheka tena, ndiyo maana tunawaandikia wanachama wenzetu.

Sisi ni ndugu watatu, watoto wa mama mmoja, tunaosoma hapa Uingereza. Kwetu ni milima ya Usambara, mkoani Tanga. Likizo iliyopita tuliamua kuandika mti wa ukoo kwa programu ya intaneti, tukijisifu kwamba mwacha asili ni mtumwa na sisi hatutaiacha. Baba akatutumia picha za karatasi zilizokuwa kwenye sanduku la marehemu bibi.

Karatasi mbili ndizo zilizotuponza. Moja ilikuwa cheti cha ubatizo cha baba yake babu, cha mwaka 1909, kwa Kijerumani. Kilisema alizaliwa Hohenfriedeberg, wilaya ya Wilhelmstal, Deutsch-Ostafrika. Nyingine ilikuwa cheti cha ndoa cha mwaka 1934, kwa Kiingereza, cha mtu tuliyemsikia akitajwa nyumbani kuwa ni mdogo wake. Huyu alizaliwa Mlalo, Lushoto, Tanga Province, Tanganyika Territory. Jina la baba yao lilikuwa moja, ila liliandikwa kwa herufi tofauti kidogo.

Programu ile haikubali mahali isipopajua. Tulipoandika Hohenfriedeberg ilituletea mji wa Silesia ambao leo uko Poland na unaitwa Dobromierz. Tukabofya, tukisema tutarekebisha baadaye. Poland hatukuiamini, lakini tuliamini kosa jingine: kwamba Wilhelmstal ni kituo fulani cha mbali. Koloni la Wajerumani lilikuwa kubwa, hata Rwanda na Burundi zilikuwa ndani yake. Tukahitimisha kwamba mzee aliletwa Lushoto akiwa mtoto, na kwamba yule wa Mlalo si ndugu yake wa damu, majina ya baba yamefanana tu. Tukamwondoa kwenye mti, yeye na kizazi chake chote. Tukauchapa vizuri na kuutuma nyumbani.

Hatukujua kwamba nyumbani kulikuwa na kikao cha ukoo kuhusu shamba la mlimani walilowaachia wazee. Mjumbe mmoja akautoa mti wetu mbele ya watu, akasema wasomi wa Ulaya wamethibitisha kwamba upande ule si wa damu. Jioni ile shangazi, mjukuu wa yule mzee wa Mlalo, akatutumia ujumbe wa sauti. Ni shangazi aliyetufulia nguo za shule tulipokuwa wadogo. Hakufoka. Alisema, "Wanangu, nimelitafuta jina la marehemu baba yangu kwenye karatasi yenu, sikuliona. Basi mniambie, mimi kwenu ni nani?"

Usiku huo hatukulala. Kesho yake tulikwenda maktaba ya chuo tukaomba ramani za Afrika Mashariki za wakati wa Wajerumani. Haikutuchukua hata saa moja. Wilhelmstal ni Lushoto. Wajerumani waliuita mji huo kwa jina la mfalme wao, na Waingereza walipoishika nchi jina la Lushoto likarudi. Hohenfriedeberg nayo ni Mlalo: ni jina ambalo wamisionari wa Bethel walikipa kituo chao walipokifungua mwaka 1891. Ndugu wawili walizaliwa katika kijiji kimoja. Mmoja aliandikwa na Mjerumani, mwingine na Mwingereza, na katikati yao ikapita vita. Na shangazi alikuwa ameshatuambia, tangu siku ya kwanza, kwamba wazee wale walizaliwa nyumba moja. Tuliiamini karatasi tusiyoweza kuisoma vizuri kuliko mtu aliyetulea.

Sasa tumejiwekea utaratibu. Kila mahali tunapaandika mara tatu. Kwanza, kama karatasi inavyosema, bila kusahihisha hata herufi moja, pamoja na mwaka wake na utawala wa wakati huo. Tunaangalia tarehe: kabla ya 1920 hakuna nchi iliyoitwa Tanganyika Territory, na kabla ya 1964 hakuna Tanzania. Pili, tunaandika jina la leo, tukieleza ni kijiji, kata, wilaya au jimbo, kwa sababu Mlalo ya mchungaji na Mlalo ya uchaguzi hazina mpaka mmoja. Mikoa nayo hugawanywa: aliyezaliwa Njombe mwaka 1990 alizaliwa Mkoa wa Iringa, maana Mkoa wa Njombe ulianza 2012. Hajahama, mpaka ndio uliohama. Tatu, tunaandika jina wanalolitumia wenyeji na nani ametuambia. Programu ikikataa, tunaacha kisanduku cha mahali wazi na kuandika yote kwenye maelezo.

Tulituma mti mpya na barua ya kuomba radhi. Baba mdogo aliisoma kwenye kikao kilichofuata, maneno yote, hata pale tulipoandika kwamba kosa ni letu na si la wazee. Suala la shamba bado linazungumzwa, lakini hakuna tena anayesema upande wa shangazi ni wageni. Hata hivyo, ile karatasi ya kwanza haiwezi kurudi. Kuna nakala zake kwenye simu za watu, na ndugu yetu mmoja wa Marekani ameshauhamishia ukoo wake Poland. Tunaendelea kumwandikia.

Shangazi alichukua wiki mbili kutujibu. Alisema amepokea radhi, kisha akauliza mbona tumeandika Usambara kila mahali. "Hilo ni jina la watu wa nje," alisema. "Babu zenu walisema Shambaai. Liandikeni, na muandike kwamba nimewaambia mimi."

Tumeliandika, na jina lake pembeni.