Vitunguu Vyetu na Mdudu Wake



Nimetakiwa nami niandike machache katika kitabu chetu cha mwaka huu. Wenzangu wameshika nasaba na safari. Mimi ni mwalimu mstaafu, na kazi yangu sasa ni kipande cha shamba karibu na Nizwa, basi nitasema juu ya vitunguu maji na mdudu wake. Msicheke, maana hakuna jiko letu, liwe la Maskati au la London, linalopika pasipo kitunguu.

Mdudu huyu huitwa thiripi. Urefu wake ni kama milimita 1, rangi yake manjano au hudhurungi, na hujificha ndani kabisa, pale majani machanga yanapobanana. Hulikwaruza jani akalinyonya, likafanya michirizi myeupe kama fedha. Wengi huiona wakadhani ni kiu. Mayai huyatia ndani ya jani lenyewe, na kabla ya kuwa mkubwa hushuka udongoni. Panapokuwa na joto na ukavu, kizazi hutimia kwa wiki mbili au tatu. Huku tunapanda wakati wa baridi, na joto hurudi vitunguu vinaponenepa. Hapo ndipo madhara yake huzidi.

Mwaka jana mpwa wangu alileta chupa ya dawa kali, akataka kupiga kila wiki. Nikamwambia, "Mwanangu, kwanza tutazame." Tukang'oa miche kumi, huku na huku, tukaifungua juu ya karatasi nyeupe tukahesabu. Katikati ya shamba walikuwa wachache mno. Ukingoni, palipopakana na ngano inayokauka, ndiko walikojaa.

Akauliza, "Mjomba, sasa tusipige dawa?"

Nikamweleza kwamba dawa nyingi hazifiki pale alipojificha. Wanaosalia huzaa watoto wasioisikia dawa ile, na nchi nyingi zimekwisha liona hilo. Tena dawa kali huua wadudu wema wanaomla thiripi. Zaidi ya hayo, shangazi zake huchuma majani mabichi jioni kutia katika kachumbari, na mfereji wa falaji ukitoka kwetu unakwenda kwa jirani.

Basi tukafanya hivi. Maji ya falaji hulowesha udongo tu, kwa hiyo asubuhi tulikuwa tukiyaosha majani ya ukingoni kwa mpira wa maji. Tukatandaza majani makavu baina ya mistari, na mbolea ya chumvichumvi tukaipunguza, kwani jani laini humvutia. Jioni tukapiga mafuta ya mwarobaini yaliyochanganywa na sabuni kidogo, maana jani la kitunguu lina nta, maji hayashiki. Kila Ijumaa tukahesabu tena. Thiripi hawakwisha, lakini hawakuzidi. Upande wa ngano tulipata vitunguu vidogo; kwingine vilijaa mkono.

Baada ya kuvuna tuliokota masazo yote na kung'oa magugu, kwani humo ndimo anamongojea msimu mwingine. Safari hii hatupandi kando ya ngano.

Atakayelazimika kutumia dawa, na asome karatasi yake, azitimize siku za kungoja kabla ya kuvuna, asirudie aina moja mfululizo, wala asioshe pampu mferejini. Maji yale yana wenyewe wengine mbele yetu.

Wassalaam.