Mkorogo na Sauti ya Siti

Kitenzi "koroga" asili yake ni jikoni: uji hukorogwa usishike madonge, chai hukorogwa sukari iyeyuke. Lakini leo, ukilitaja neno "mkorogo", hata mtoto hafikirii sufuria. Anafikiria krimu na sabuni zilizochanganywa ili kuchubua ngozi. Serikali imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na bado vinauzwa kwa siri. Hapa Iringa, ambako baridi ya Juni pekee hutosha kupasua ngozi, yupo binti wa jirani ambaye sasa hatoki mchana bila kujifunika mtandio usoni, maana jua linamuunguza. Bibi yake alipomuuliza alichokuwa akikitafuta, alimwonyesha picha kwenye simu: sura iliyong'arishwa na programu, sura ambayo hata mwenye picha hanayo.

Mfano wa kumpa binti kama huyu tunao. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alichuuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji. Wenye husuda walimcheka kwa sura yake na kwa asili yake ya shamba. Naye aliwajibu kwa wimbo: uzuri wa uso na ukubwa wa ukoo si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikaenea pwani nzima. Santuri haina uso. Msikilizaji alikutana kwanza na sauti na maneno. Simu imeugeuza utaratibu huo: sura hutangulia, na mara nyingi maneno hayasubiriwi.

Nasi watunzi tusijitoe katika lawama. Ni mara ngapi tumemsifu mpendwa kwa kumfananisha na mwezi, kana kwamba weupe ndio uzuri wenyewe? Lugha yetu ina rangi ya maji ya kunde. Ina weusi wa mpingo, mti ambao mchongaji hauchubui ili aupendeze, bali huusugua mpaka ung'ae kwa weusi wake.

Kwa hiyo nawaomba, ndugu washairi: tungeni beti za kuisifu ngozi kama ilivyoumbwa, na mwili kwa kazi unazozifanya. Kisha zighanini, mzirekodi, mzipeleke redioni na kwenye simu hizo hizo. Kijana anayeletewa picha mia kwa siku anastahili kuletewa walau shairi moja.