Siku ya Kwanza Angani Ilikuwa na Saa 31

Sisi ni wale walimu watano wa insentivu mliotusindikiza mwezi wa Agosti 2025, tulipopata nafasi ya kusoma Kanada kupitia mpango wa WUSC. Jarida lilituomba tueleze Kanada ikoje. Kanada yenyewe itangoja. Tunataka kwanza kueleza siku moja tu, ile ya kuruka, kwa sababu baadaye tulisikia mambo mliyopitia nyinyi mliobaki. Mama wa mwenzetu mmoja aliambiwa na jirani kwamba ndege ya Ulaya inachukua saa nane. Zikapita saa nane, zikapita kumi na sita, simu kimya. Mchana ule hakupika. Jioni watu wakaanza kuja kukaa naye kama msibani.

Kumbe wakati ule sisi tulikuwa wazima kabisa, tumefungwa mikanda, tunakula mkate.

Safari ya kutoka kambini hadi Nairobi mnaijua, hatutaikawiza. Mabasi, geti, mikono inayopungwa, kile kiwanja cha ndege chenye vumbi. Barabarani ni zaidi ya kilometa 700 kupitia Lodwar na Kitale, na wengi wetu hatukuwahi kuivuka hata Lodwar. Nairobi tulilala kwenye kituo cha IOM, tukapimwa tena afya, tukapewa ule mfuko mweupe wenye maandishi ya buluu. Ndani ndimo zilimo karatasi zako zote. Mfuko ule haufunguliwi ovyo na hauwekwi kwenye sanduku, unashikwa mkononi ili wafanyakazi wa IOM wa kila kiwanja wakutambue kwa mbali. Mwenzetu wa Burundi aliulalia kama mto.

Ndege iliondoka karibu saa sita usiku. Simu zetu za mwisho tulipiga kwenye foleni, na hapo ndipo kitu cha kwanza cha kujua: ukishavuka pale, laini ya Kenya haina kazi tena. Hiyo siyo kusahau watu. Laini imebaki kwao.

Ndege ikikimbia ili ipae, mgongo unabanwa kwenye kiti na masikio yanaziba. Tulikuwa tumeambiwa tubebe pipi za kufyonza na kweli zinasaidia. Dada yetu wa Kongo, ambaye darasani sauti yake inasikika mpaka upande wa pili wa laga, alinyamaza akashika mikono yetu huku na huku. Taa za Nairobi zikawa nyingi, halafu ndogo, halafu hakuna. Hapo ndipo wengine tulilia. Kambini tulikuwa tumejizuia kwa sababu ya wazazi.

Mbele ya kila kiti kuna kioo kidogo chenye ramani, na kandege kadogo kanatambaa juu yake. Hatukuangalia filamu hata moja, tuliangalia kandege. Tulipita juu ya Misri usiku, tukavuka bahari ya Mediterania, na wote tukawaza jambo lile lile bila kulisema. Tunawajua watu waliokwenda kuivuka bahari ile kwa mtumbwi. Sisi tuliivuka tumefunikwa blanketi, mhudumu akituuliza kama tunataka maji au juisi.

Chakula kinaletwa kwenye sahani ya plastiki yenye vyumba vyumba. Mwenzetu Mwislamu alikuwa na wasiwasi na nyama, akala mkate, matunda na wali. Baadaye tulielewa kwamba chakula cha halali huombwa mapema kabla ya safari, kwa hiyo familia zenye kuhitaji ziseme mapema. Choo cha ndege kinavuta kwa kelele kubwa, watoto waelezwe wasije wakaogopa.

Tulitua Amsterdam saa moja asubuhi ya kwao, na nyinyi mlikuwa saa mbili. Kiwanja kile, Schiphol, kimejengwa mahali palipokuwa ziwa zamani, likakaushwa mwaka 1852. Mpaka leo ardhi yake iko mita tatu hivi chini ya usawa wa bahari. Sisi watoto wa Kakuma, ambako Tarach ikijaa siku moja watu hawalali, tulikanyaga pale kwa adabu sana! Kuna ngazi zinazopanda zenyewe na hata njia tambarare zinazokubeba umesimama. Mtu wa IOM alituona kwa ile mifuko akatupeleka mahali pa kungojea. Tulingoja karibu saa saba. Hizi saa saba jirani hakuzihesabu.

Intaneti pale ni ya bure, na mmoja wetu alikuwa na simu kubwa. Tukatuma ujumbe wa WhatsApp kwa kijana mmoja wa jirani ili azunguke kuwaambia wazazi, maana wengi wao wana kabambe tu. Kijana hakuwa na bando. Aliusoma kesho yake. Kwa hiyo tunashauri: kabla mtoto hajaondoka, chagueni mtu wa kupokea habari, na mumnunulie bando la siku hiyo, shilingi zake chache. Siku zile mgao wa chakula ulikuwa unapangwa kwa makundi na kila shilingi ilikuwa na kazi, tunalijua hilo. Lakini ile hofu ya usiku mzima nayo ina gharama.

Ndege ya pili iliondoka saa nane mchana, ikaruka saa nane nyingine, ikatua Toronto saa kumi jioni. Soma tena. Tuliondoka saa nane, tukafika saa kumi, na katikati tulikaa angani saa nane nzima. Dunia inazunguka kuelekea mashariki na sisi tulikuwa tunaelekea magharibi, basi jua lilikuwa kama linatungoja. Dirishani ilikuwa mchana tu, maji tu, mawingu tu. Mwenzetu Mwislamu alitaka kujua adhuhuri imeisha lini na alasiri imeanza lini, hakuna aliyemjibu, mwishowe aliswali akiwa kitini.

Toronto wakati ule wa mwaka iko nyuma ya Kenya kwa saa saba. Ukiihesabu ile tarehe kuanzia saa sita usiku Nairobi mpaka saa sita usiku Toronto, unapata saa 31. Kule kutua kwetu saa kumi jioni, kwenu ilikuwa saa tano usiku, na yule mama alikuwa bado amekaa nje.

Na bado hatukupiga. Kuna foleni ya uhamiaji, afisa anafungua ule mfuko, anasoma, anauliza jina na tarehe ya kuzaliwa, unatia sahihi karatasi ya kuwa mkazi wa kudumu. Mwenzetu wa Sudan Kusini alizaliwa kambini. Aliikodolea macho ile karatasi mpaka afisa akamwuliza kama kuna kosa. Akasema hapana.

Tulitoka nje saa mbili usiku, jua bado linazama! Wanafunzi wa chuo walikuja kutupokea na kibao chenye majina yetu. Simu tuliipata saa tatu usiku, kwenu saa kumi alfajiri. Tulimpigia yule mama wa kwanza. Alipokea kabla haijalia mara mbili, hakusema halo, alisema, “Umekula?”

Kwa wanaotaka kutupigia: kwenu ikiwa saa moja jioni, Toronto ni saa sita mchana. Kuanzia Novemba mpaka Machi wanarudisha saa zao nyuma, kwa hiyo saa moja jioni yenu inakuwa saa tano asubuhi huku. Salamu kwa Gredi 6. Aliyebaki na vitabu vitatu vya hesabu avirudishe kwa mwalimu mpya.