2147483647: namba tasa inayokula simu za watu

Haya wasomaji wangu, leo tuweke kando mambo ya simu mpya tuongee hesabu kidogo. Usikimbie!

Namba yenyewe ni 2147483647. Ni namba tasa, yaani haigawanyiki sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe. Leonhard Euler, mwanahesabu Mswisi aliyeishi St Petersburg, ndiye aliyethibitisha, kufikia mwaka 1772. Kikokotoo hakuna, macho nayo karibu yamepotea kabisa. Kujaribu kila namba hadi 46340 kungemchosha bure. Akaonyesha kwamba kigawanyo kama kipo, lazima ukikigawanya kwa 248 kibaki 1 au 63. Zikasalia namba zisizofika 400 za kujaribu. Hakuna hata moja iliyoingia.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow akaandika kwamba huenda namba kamilifu kubwa kuliko ile inayotokana na hii haitapatikana kamwe. Namba hizi hazina faida, nani atajisumbua?

Sasa sikia. Mteja mmoja aliniita, SMS za wateja wake haziendi. Kufungua hifadhidata, kila mteja ana namba moja ya simu: 2147483647! Aliyejenga mfumo alihifadhi simu kama namba ya biti 32. Ukianza na 254, namba ya simu haitoshei humo, kwa hivyo mashine iliandika kubwa kabisa inayoiweza. Namba halisi zilipotea. Tulizisaka siku nne kwenye fomu za karatasi. Ndugu msanidi, namba ya simu hifadhi kama maandishi!

Kwa nini ni namba ileile ya Euler? Ndani ya kompyuta ni 1 thelathini na moja zikifuatana, yaani 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Biti ya 32 ni ya alama, chanya au hasi.

Usidhani kila kikomo cha kompyuta ni tasa. Biti 16 huishia 32767, ambayo ni 7 × 31 × 151. Biti 64 huishia 9223372036854775807, nayo inagawanyika kwa 7. Tatizo liko kwenye kipeo: 15 na 63 si tasa, na kipeo kisipokuwa tasa, namba nayo haiwi. Kipeo tasa pekee hakitoshi pia: 2 kwa kipeo cha 11, toa 1, ni 2047, yaani 23 × 89. Ndiyo maana Euler alilazimika kuhesabu.

Barlow alikosea. Mwezi Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa ya aina hiyohiyo yenye tarakimu 41,024,320.

Na hii yetu haijamaliza kazi. Mifumo ya zamani huhesabu sekunde tangu mwaka 1970 kwa biti 32. Tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Nairobi, hesabu itafika 2147483647. Sekunde inayofuata, mifumo hiyo itadhani ni Desemba 1901.

Kagua yako mapema.